Sura ya Falone

Bruxelles, tarehe 10 Novemba 2002

Yaya Rémy,

Nakusalimia weye, kaka yangu mukubwa, namusalimia Mama, na wote wenye wanalala mu nyumba yetu ya mutaa wa Lumumba. Huku baridi imeanza, na kila asubuhi nikitoka inje nakumbuka Kpandroma kule milimani, vile Anastasie na mimi tulikuwa tunapigania kikwembe moja ya kujifunika. Afya yangu ni muzuri. Barua hii inapita kwa padri, Abbé Michée. Anarudi Kampala, na kule atatafuta mutu wa kupanda avion, ndege ya kwenda Bunia. Uniambie kama ilifika imefunguliwa.

Mudogo wetu Anastasie anaendelea namna gani kule milimani? Na Hubert bwana yake? Na Falone mutoto wao, sasa anasema maneno gani? Ninafikiri mara mingi juu ya ule mutoto. Alizaliwa nyuma ya mimi kuondoka, sijamuona hata siku moja, na hakuna mwenye alinitumia foto. Mumwambie tantine, mama yake mukubwa wa Ulaya, anamusalimia.

Sasa nikuelezee neno yenye ilinifanya niandike. Mwezi uliopita, chuo yetu ya kuchora ilitupeleka Paris kuona musée, nyumba ya picha za zamani. (Usimwambie Mama vile. Mara ya mwisho, mu telefone, aliniuliza ni muzee gani huyo nilienda kutembelea, na kama iko mugonjwa.) Mule ndani kuna picha moja kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu. Ilichorwa na Delacroix, Mufaransa, karibu miaka mia moja na makumi munane iliyopita. Ni watu wa kisiwa cha Wagriki wenye waliuawa na askari wa Waturuki. Wamelala chini, wengine wamekaa wanangojea. Kuna muzee mwanamuke anaangalia juu kama mutu mwenye hajui tena aangalie wapi. Kuna askari ju ya farasi, na musichana amefungwa kwa ile farasi. Na pembeni kuna mama amekufa, na mutoto wake angali anatafuta ziwa anyonye.

Yaya, nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Nilifikiri: mutu huyu alituona.

Kisha profesere wetu akatuelezea kama Delacroix hakufikaka kule. Alisoma habari mu magazeti, alisikiliza mutu mwenye alipigana kule, aliazima nguo za Mashariki kwa rafiki. Wachoraji wa wakati ule walikuwa vile. Walipenda moto, farasi, damu, wanawake wa nchi za mbali. Mashariki ilikuwa kwao kama ndoto. Mwingine alichora wanawake wa Kituruki wakioga, wengi sana, uchi, na yeye hakukanyaga Turkia. Mwingine alichora soko ya watumwa, na vigae vya ukuta vinangaa kuliko uso wa yule mwenye anauzishwa.

Nyuma ya ile safari, profesere aliniita pembeni. Alisema wanafunzi wenzangu wanatafuta kitu cha kuchora, lakini mimi niko nayo, ni vita, iko inaungua kwetu kila siku. Alisema nisiogope kuchora picha kubwa.

Kwa hiyo nakuomba, Yaya. Uniandikie vile munaona. Watu wanakimbia namna gani, wanavaa nini, moshi iko na rangi gani. Kama kuna foto, utume. Kama Anastasie aliona kitu kule Kpandroma, aniandikie. Nitachora picha yenye watu wa huku hawataweza kupita mbele yake bila kusimama.

Ni mimi, mudogo wako,
Adeline


Bunia, tarehe 19 Januari 2003

Mudogo wangu Adeline,

Barua yako ilifika nyuma ya Noeli, imefunguliwa na kufungwa tena na gundi ya muhogo. Siye tuko. Mama iko na maumivu ya magoti lakini anaenda misa. Masomo yamesimama tena. Watoto wa darasa yangu, wamoja wako huku, wengine upande mwingine, na kati yao kuna kizuizi cha askari. Ninalima kidogo nyuma ya nyumba. Sombe, majani ya muhogo, imekubali.

Anastasie iko hapa. Alifika kabla ya Noeli, kwa miguu. Tumemupatia chumba yako. Anakusalimia. Hubert alibakia kule. Juu ya Falone, Anastasie mwenyewe atakuandikia siku atataka. Aliniomba niache vile, na mimi nimemukubalia.

Ile yenye uliniomba, sitaandika. Usifikiri nimekasirika. Barua inapita mu mikono mingi, na kila mukono iko na bunduki pembeni. Lakini hata kama ningekuletea kwa mukono wangu mwenyewe, sijui kama ningeandika. Ulisema moshi iko na rangi gani. Nilikaa na ile swali siku mingi. Sijui namna ya kujibu mutu mwenye anauliza rangi.

Nakumbuka ile buku ya mapadri wa zamani, yenye picha za Nchi Takatifu, weye mutoto mudogo ulikuwa unanifwata nikufungulie. Ngamia, wanawake na mitungi, na jua nyekundu. Uliniuliza kama kule kwa Yesu hakuna matope. Chora matope, Adeline. Chora soko ya Bunia siku ya mvua.

Mama anakubariki.
Yaya wako,
Rémy


Bruxelles, tarehe 6 Aprili 2003

Yaya Rémy,

Nimeshukuru Mungu kusikia sauti yenu, hata kama ni ya karatasi. Nimefurahi Anastasie iko karibu na Mama. Hubert alifanya vizuri kubakia kuchunga ngombe. Mwanaume mwingine angekimbia mbele ya bibi yake. Mwambie Anastasie chumba yangu ni yake, lakini dirisha linavuja, avute kitanda.

Sikuchora soko. Usinihukumu. Radio ya huku inasema majina yetu vibaya, kwa dakika moja, kisha inapita kwa mupira. Mimi nazima radio na sina mutu wa kuambia. Kama hautaki kunieleza, nitafanya kama yule wa Paris, nitachora na kile niko nacho.

Nimemaliza mwezi uliopita. Ni kubwa sana, tuliifungua mu sehemu mbili ju mulango ilikuwa ndogo. Kuna kilima kinaungua nyuma. Kuna watu wanashuka na mikuki, miili yao inangaa. Profesere alisema niongeze moto, na nimeongeza. Mbele kuna mama amekufa, na mutoto hai ju ya kifua chake. Nilihitaji sura ya ule mama. Nilijaribu sura za wasichana wenye wanakaaka mbele yetu tuwachore hapa chuoni, hazikukubali. Mukono wangu unajua sura moja vizuri kuliko zote, njo hivi nilimupa sura ya Anastasie. Mumwambie amekuwa muzuri sana mu picha.

Picha imechaguliwa kwa maonyesho makubwa ya mwezi wa tano. Wameitia kwenye kadi ya mualiko. Nakutumia moja, imefungwa pamoja na barua hii. Mutu moja wa hapa, mwenye anakusanyaka picha, ameisha kuuliza kama anaweza kuinunua.

Muniombee.
Adeline


Bruxelles, tarehe 2 Juni 2003

Yaya,

Sina salamu nyingine leo kuliko hii: muko wazima? Tunasikia askari Waganda waliondoka na Bunia ikaanguka mu mikono ya kila mutu. Tunasikia watu wamekimbilia uwanja wa avion. Telefone ya paroisse, kwa mapadri, hailii. Maonyesho yamefunguliwa, watu wanasimama mbele ya picha yangu, wananipa mukono, na mimi nawaangalia midomo tu. Yeyote mwenye atapata hii karatasi, aandike neno moja nyuma yake na airudishe.

Adeline


Bunia, tarehe 27 Julai 2003

Mudogo wangu,

Tuko wazima. Naanza na hiyo ju najua ni kitu gani macho yako yanatafuta. Mama, Anastasie, mimi. Tuko mu kambi pembeni ya uwanja wa avion, chini ya shitingi, turubai za plastiki. Askari Wafaransa wamefika na magari yao, na sasa watu wanaweza kwenda kuteka maji mbali kidogo. Nyumba ya Lumumba iko na kuta. Milango na mabati hapana. Mama analala vizuri kuliko siye wote.

Barua yako ya mwezi wa ine ilikwama Kampala. Ilinifikia wiki hii, na kadi ndani.

Sikutaka kumuonyesha Anastasie. Nilikuwa nimekaa mbele ya shitingi, nimeishika, akatokea nyuma yangu na ndoo. Aliichukua mu mukono wangu. Aliangalia muda mrefu, akaenda nayo kwenye mwangaza, akaangalia tena. Mama akauliza ni nani amekufa. Anastasie akajibu kama hakuna, ni kadi ya Adeline. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mutu anauliza bei ya chumvi:

«Nani alimuambia sikukuwa na nguo?»

Nilimupokea ndoo. Alikaa chini na kadi ju ya magoti. Siku ya pili aliniambia: «Chukua kalamu. Andika vile nasema, usiongeze.» Nimeandika. Haya ni maneno yake.

«Adeline, ilikuwa asubuhi na jua ilikuwa muzuri. Hakukuwa moto, nyumba walichoma nyuma, siye tukiwa tumeisha kuondoka. Nilikuwa nachambua maharagi. Walikuya na njia ile tunapitaka siku ya soko. Mbele alikuwa Lambert, jirani, unamujua, alivaa shati ya kwaya. Hakuwa na mukuki. Alinisalimia. Aliniuliza Mama iko wapi, nikamujibu iko Bunia kwa Yaya. Akasema, ni vizuri haiko hapa. Kisha waliingia mu nyumba, na Hubert alikuwa ndani.

«Nilikimbia na Falone mugongoni. Nilikuwa nimevaa robe yangu ya buluu na vikwembe viwili, moja yangu, moja ya kumubebea. Mu shamba ya viazi nilisikia kama mutu amenisukuma na kiganja. Sikuanguka. Nilisema, Mungu ametulinda. Nilifika kwenye muto, nikamufungua nimupe maji. Alikuwa ameisha kuenda. Risasi ilimuchukua yeye, ikaniacha.

«Kwa picha yako mama amekufa na mutoto anaishi. Wanaume wako wa mikuki siwajui. Ningekuwa na heri kama wangekuwa watu wenye siwajui.»

Mwisho wa maneno yake. Aliniomba miezi yote nisikuambie, ju alisema huko uliko, Falone angali anaishi mu kichwa cha mutu moja.

Yaya wako,
Rémy


Bruxelles, tarehe 14 Septemba 2003

Kwa Yaya Rémy, kwa Mama, na kwa Anastasie zaidi,

Nawasalimia kwa magoti. Nilisoma barua mu chumba changu na sikutoka siku mbili. Ile maneno juu ya Hubert kubakia kuchunga ngombe, mimi niliandika vile, na muliisoma.

Anastasie, sitaandika namna nimelia, haitakusaidia kitu. Nitakuelezea kile nilifanya. Maonyesho yalikuwa yameisha lakini picha ilikuwa ingali mu ukumbi, inangojea kupelekwa kwa yule mutu wa kununua. Nilienda na kusema haiuzishwi tena. Profesere alikuya. Si mutu mubaya. Alinishika mabega, akaniambia kama ile sura sasa si ya dada yangu tena, ni sura ya mateso ya watu wote. Nilimujibu: «Iko na jina, na haijafa.» Aliondoa mikono yake. Tuliibeba kwa gari ya rafiki, na sasa iko mu chumba changu, imegeukia ukuta. Ni kubwa, nalala mugongo yangu karibu inaigusa.

Nilirudi Paris peke yangu. Nilisimama tena mbele ya wale Wagriki. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona maumivu tu. Sasa niliona ngozi ya ule musichana mwenye amefungwa kwa farasi, vile inangaa, vile mikono yake imepangwa aonekane muzuri. Wasichana wa Paris njo walikaa mbele ya muchoraji. Wa kisiwa, hakuna hata moja. Na bado ule muzee mwanamuke anaangalia juu, na bado nikaamini macho yake. Sijui namna ya kuunganisha hivi vitu viwili.

Nikate picha? Niichome? Ni yako. Vile utasema, nitafanya.

Dada yako,
Adeline


Bunia, tarehe 30 Novemba 2003

Dada Adeline,

Hii ni mukono wangu mwenyewe, usishangae kuona inapinda. Mama anakusalimia. Tumerudi Lumumba, Yaya Rémy amepata mabati ya zamani, yako na matundu lakini yanatosha. Nauzisha mukate sokoni pamoja na mwanamuke moja mwenye alitoka Boga. Tunasikilizana.

Usichome. Nimeona moto ya kutosha. Univalishe nguo tu. Robe ni buluu, iko na vifungo vyeupe mbele, na kikwembe ni ya kahawia na majani. Kisha ufanye na yo vile unataka, sina haja ya kuiona.

Haja yangu ni ingine. Foto ya Falone sina. Zote ziliungua. Na mimi nimeanza kusahau. Siyo yote. Sauti ninayo, uzito ninayo mugongoni kila siku. Lakini sura, nikifunga macho, inakuya nusu. Juzi nilimuona mutoto wa mutu sokoni na nikafikiri ni yeye, na sikuweza kujua nini kwake haikufanana. Hiyo iliniogopesha kuliko risasi.

Weye unajua kuchora watu wenye haujaona. Sasa chora huyu. Mara hii nitakuambia.

Paji ya uso ni ya Mama, inatoka mbele. Masikio ni ya kina Hubert, yamesimama kidogo. Nywele laini, haikutaka kusukwa. Jicho ya kushoto ilikuwa inafunga mbele ya nyingine akicheka. Mashavu yalikuwa yamepasuka na baridi ya kule juu, kila mara nilikuwa nayapaka mafuta. Robe ya manjano. Usimuweke moto wala kilima nyuma. Usiweke kitu.

Anastasie


Bruxelles, tarehe 18 Januari 2004

Mudogo wangu Anastasie,

Amani kwenu na mwaka mupya. Nimekuvalisha. Vifungo vyeupe, majani ya kahawia. Wale wanaume nimewafuta, kilima na ule mutoto pia; sasa umelala mu shamba ya viazi, na mutu anaweza kufikiri umepumzika tu. Ile picha nimeifungia, haionyeshwi tena.

Nakutumia Falone watatu, wa kalamu ya mukaa. Nilifanya mingi, nikapasua mingi. Kila mara nikianza, mukono unataka kumufanya muzuri, macho makubwa, machozi kidogo, kama watoto wa picha za kuomba musaada. Nasoma tena maneno yako, nafuta. Mashavu yaliyopasuka yalinishinda. Unikosoe bila huruma.

Adeline


Bunia, tarehe 7 Machi 2004

Dada,

Siye tuko, masomo yameanza, Yaya Rémy anarudi nyumbani na chaki mu nywele. Nimekaa na wale watoto watatu mbele ya mulango, jua ikiwa ju yao.

Wa kwanza si yeye. Ni muzuri sana. Wa pili macho yanajua mambo mingi, yeye hakujua kitu. Wa tatu, mudomo njo wake. Nilipoona ule mudomo nilisimama. Lakini kidevu ni kirefu, na hakukuwa anaangalia mutu sawa vile. Alikuwa anaangalia mukono wa mutu, kuona kama iko na kitu ya kula. Mama alicheka nilipomwambia hiyo. Hatukuwa tumecheka juu ya Falone toka nitoke kule.

Rudia.

Anastasie


Bruxelles, tarehe 25 Aprili 2004

Anastasie,

Nawasalimia wote, na Mama wa magoti. Hapa ndani kuna moja tu. Kidevu nimefupisha. Anaangalia mukono. Nilipomaliza nilijua sitaweza kufanya ingine iliyo karibu kuliko hii, kwa sababu nyuma yake naanza kuchora vile napenda mimi. Kama si yeye, uniambie, na nitakubali ya kwamba haiwezekani.

Adeline


Bunia, tarehe 20 Juni 2004

Dada yangu Adeline,

Tunakusalimia siye wote watatu. Mvua imepungua, maharagi yamekauka vizuri mu uwanja. Barua yako ilifika na mutu wa avion, haikufunguliwa.

Nimechelewa kujibu ju nilitaka kuwa na hakika. Niliiweka ju ya meza, nikaiacha, niliingia na kutoka kama mutu mwenye hajali. Nilitaka nione kama siku moja nitaingia na roho itapiga.

Si Falone. Nakuambia ukweli, vile uliniomba. Mutoto wangu nilimuzika kwenye muto na hakuna mwenye atanirudishia sura yake, hata weye. Nilikasirika siku kidogo. Nilitaka kukurudishia.

Lakini asubuhi moja nilimukuta Mama amekaa mbele ya meza, anamuangalia. Alisema huyu mutoto ni wa kwetu, paji ya uso haikatai. Alisema anafanana na Falone vile watoto wa madada wanafananaka. Niliangalia tena, na ni kweli, Adeline. Si yeye, lakini wangeweza kucheza pamoja. Na jambo ingine: nikimuangalia huyu, naona kile chenye hakifanani, na pale njo ule wangu anakuya mwenyewe, muzima, nyuma ya macho. Nilikuwa nimemupoteza, sasa anakuya.

Basi nimemubakisha. Yaya Rémy amemutengenezea kibao ya mbao, tumemuweka mu chumba yako, mbali na dirisha.

Mama anauliza jina lake. Hatuwezi kumuita Falone, na hatuwezi kukaa na mutoto mu nyumba bila jina. Weye njo ulimuleta. Utuandikie.

Anastasie